Ukimaliza Kujinyima Chakula: Kilo Zisirudi



Watu wengi hufikiri kwamba kazi ya kupunguza unene huisha siku ile mizani inapoonyesha kilo walizozitafuta. Siku hiyo mtu hufurahi. Huvaa nguo iliyokuwa imembana, hupongezwa na wenzake, na jioni huirudia sahani yake ya zamani. Somo letu la leo linahusu siku hiyo na miezi inayoifuata.

Kupunguza kilo kumi kwa kujinyima ni jambo ambalo wengi wamelifanya hapa Moshi, mjini na huku juu mlimani. Kukaa mwaka mmoja au miwili bila kilo hizo kurudi ni jambo ambalo wachache wameliweza. Walioshindwa siyo wavivu, wala siyo walafi. Mwili wenyewe una namna yake ya kudai kilichochukuliwa, na mtu asiyeijua namna hiyo hushangaa akiona amerudi alikotoka, pengine na kilo mbili za juu.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, vikundi vilipokaa kuizunguka redio na kujadili somo. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa vyoo, mbu, na watoto kukosa chakula cha kutosha. Hofu hizo hazijaisha, lakini imeongezeka nyingine. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, vikiwemo vya mkoa wetu wa Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 1989, ulikuta kwamba wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika kila watu 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wenye kisukari zaidi ya 9 katika kila 100, na wenye shinikizo kubwa la damu wapatao 26. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa njia moja, lakini sisi tunaokaa zahanati hatuhitaji kuhesabu sana ili kuamini kwamba mambo yamebadilika.

Ndiyo maana watu wameanza kujinyima. Wengine wameshauriwa na daktari. Wengine wamemsikia Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kwenda Shirika la Afya Duniani mwaka 2025, akihimiza watu wapunguze sukari, wanga na wingi wa milo. Wengine wameongeza ya kwao: mayai na matango tu kwa wiki nane, maji ya ndimu, mlo mmoja kwa siku. Vijana huita dayati. Sina nia leo ya kueleza ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Nataka tuzungumze juu ya siku inapokwisha.

MFANO WA MAMA MUUZA NDIZI

Tuchukue mfano. Mama huyu siyo mtu mmoja. Nimechanganya habari za wengi ili asitambulike yeyote. Ana miaka 46, anauza ndizi, na ana kisukari cha ukubwani. Urefu wake ni sentimita 158, na mwezi wa tano alikuwa na kilo 91. Kwa urefu huo alipaswa kuwa chini ya kilo 63 ili ahesabiwe kuwa na uzito wa kawaida.

Alikaa wiki kumi akila mayai, matango na mboga za majani. Alipungua mpaka kilo 78. Sukari yake ya asubuhi, iliyokuwa 12, ikashuka mpaka 6 na nusu, na daktari akampunguzia vidonge. Hayo ni mafanikio makubwa na tusiyadharau. Kisha wiki kumi zikaisha, naye akaacha mayai na matango kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kula mayai na matango mpaka kufa. Mwezi wa kwanza akaongezeka kilo 3. Akaona aibu kuja kliniki. Mwezi wa pili na wa tatu hakuja. Alipokuja tena ilikuwa ni kwa ajili ya kidonda cha mguuni kisichopona, kilo zikiwa 89 na sukari 11, huku akimeza vile vidonge vichache alivyopangiwa alipokuwa mwembamba.

Kilo zilizorudi zilikuwa na madhara, lakini iliyoleta kidonda zaidi ni ile miezi ya kukaa nyumbani kwa aibu. Kama angekuja zilipoongezeka kilo tatu tu, dawa zake zingeangaliwa upya mapema na miguu yake ingepimwa. Kumbuka jambo hili, maana nitalirudia huko mbele.

KWA NINI KILO HURUDI

Mwili haujui kwamba umejinyima kwa hiari. Kwa mwili, chakula kikipungua ni njaa, na njaa ni njaa, iwe imeletwa na ukame au na dayati. Mfikirie mkulima wa tambarare aliyewahi kuona mvua ikikosekana na ghala likabaki tupu. Mwaka wa mavuno hataridhika na magunia yale yale ya zamani. Atajaza ghala na kuongeza gunia chumbani. Mafuta ya mwilini ndiyo ghala lenyewe.

Jambo hili lilichunguzwa vizuri sana katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea. Walikuwa wamekataa kupigana vita kwa sababu ya dhamiri zao, nao walitaka kusaidia kwa njia nyingine, kwani Ulaya ilikuwa na njaa na madaktari hawakujua namna bora ya kuwalisha walionusurika. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu tu ya chakula walichokizoea: viazi, mkate, makaroni, tanipu. Walipungua robo ya uzito wao. Lakini sikiliza yaliyotokea baadaye. Waliporuhusiwa kula wapendavyo, baadhi yao walikula mlo juu ya mlo mpaka tumbo likauma, na bado walisema wana njaa. Uzito ukarudi, na mafuta yakarudi upesi kuliko misuli, hata wengi wakawa na mafuta mengi kuliko walivyokuwa mwanzo. Na hao hawakuwa wanene. Walikuwa vijana wenye afya nzuri.

Uchunguzi wa miaka yetu umeonyesha njia zenyewe. Mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitangaza habari za watu wanene 50 waliojinyima sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye, homoni zinazoleta njaa na zile zinazoleta shibe zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya kwanza. Wale watu walikuwa na njaa ya kweli, siyo tamaa. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walikadiria kwamba kwa kila kilo moja aliyoipunguza mtu, njaa yake humsukuma kula zaidi kiasi cha kalori 100 kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. 100 ni sawa na ndizi mbivu moja ya wastani. Basi aliyepungua kilo kumi, mwili wake unamdai kama ndizi kumi kila siku juu ya zile alizokuwa akila. Wakati huo huo mwili uliopungua hutumia chakula kidogo kuliko ule mkubwa, kama vile gari dogo linavyokunywa petroli kidogo. Njaa imepanda, matumizi yameshuka. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo kilo zinaporudi.

Hata dawa mpya za sindano za kupunguza unene hazijaikwepa kanuni hii. Watu waliofuatiliwa baada ya kuacha mojawapo ya sindano hizo walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza katika muda wa mwaka mmoja. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2022. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa sokoni, nyingi zikiwa na sanamaki, hazipunguzi mafuta kabisa. Zinaharisha. Unachopoteza ni maji na fedha.

Kwa kuwa nimetaja maji, niseme neno moja la kukutuliza. Mtu akiacha ugali, ndizi na wali, kilo mbili au tatu za mwanzo zinazoondoka ni maji zaidi kuliko mafuta, kwa sababu mwili huhifadhi wanga pamoja na maji. Ukianza tena kula ndizi, maji hayo hurudi katika siku chache. Basi usione kilo moja na nusu zimeongezeka wiki ya kwanza ukasema, "Yote yamekwisha, heri nile." Hayo ni maji. Kinachotafutwa ni kujua kama zitaendelea kupanda wiki ya tatu na ya nne.

MWEZI WA KURUDI

Dayati kali isiishe kwa siku moja. Huko Uingereza, wenye kisukari waliofuata mpango wa chakula kidogo sana kwa miezi mitatu hawakuruhusiwa kuirudia sahani yao ya kawaida siku iliyofuata. Walirudishiwa vyakula hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa, na baada ya hapo waliendelea kuonana na mhudumu wao kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao walikuwa hawana kisukari tena bila dawa. Baada ya miaka miwili walikuwa wamebaki kama theluthi moja. Waliobaki zaidi ni wale ambao kilo zao hazikurudi.

Hapa kwetu tunaweza kufanya hivyo kwa vyakula vyetu. Wiki ya kwanza rudisha chakula kimoja cha kutia nguvu katika mlo mmoja tu, tuseme ndizi za kupika mchana, kiasi cha ngumi yako moja. Milo mingine ibaki kama ulivyoizoea katika dayati. Wiki ya pili ongeza maharage. Wiki ya tatu rudisha chakula cha kutia nguvu katika mlo wa pili, kwa kiasi kile kile cha ngumi. Jipime. Kama uzito umesimama, endelea. Kama unapanda, simama hapo kwa wiki mbili kabla ya kuongeza kitu. Sukari ya chai, soda na maandazi viwe vya mwisho kurudi. Kusema kweli, soda isiporudi kabisa hakuna kitakachopungua mwilini. Chupa moja ina sukari ya vijiko vya chai kama 8 au 9.

Mwenye kumeza vidonge vya kisukari au vya shinikizo la damu, na mwenye kuchoma insulini, asianze kujinyima wala asiache kujinyima bila kuonana na mganga. Akijinyima huku akimeza vidonge vile vile, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Akirudia kula huku dawa zikiwa zimepunguzwa, inapanda. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na anayetibiwa kifua kikuu, dayati hizi haziwahusu.

CHUNGU KIMOJA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote. Nyumba nyingi huku kwetu zina chungu kimoja. Mama hawezi kupika machalari ya baba na watoto, kisha apike chungu cha pili cha kwake. Anaweza kufanya hivyo wiki sita kwa bidii, lakini hawezi miaka sita. Hivyo basi, chakula cha kuhifadhi uzito lazima kitoke katika chungu hicho hicho wanachokula wote. Chakula usichoweza kukila pamoja na watoto wako hakitadumu.

Bahati nzuri vyakula vya mlimani siyo vibaya. Kiburu ni ndizi na maharage pamoja. Humo mna chakula cha kutia nguvu na cha kujenga mwili, na maharage hukaa tumboni muda mrefu. Ngande ni vivyo hivyo, mahindi na maharage, hasa mahindi yasipokobolewa. Mnafu ni mchungu kidogo lakini hujaza sahani bila kujaza ghala. Dagaa ni nafuu. Taabu iko katika vitu vitatu: mafuta, sukari, na ukubwa wa sahani.

Mafuta kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120, zaidi ya ile ndizi mbivu. Mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu hajui amemimina vijiko vingapi. Weka kijiko karibu na dumu, upime. Chungu cha watu sita kinatosheka na vijiko vitatu, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeuliza. Sukari nayo huingia kwa chai. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekula vijiko 15 kabla hajagusa chakula. Punguza kijiko kimoja kila mwezi, ulimi hauna haraka lakini unajifunza.

Kuhusu sahani, igawe kwa macho. Nusu iwe mnafu, mchicha, majani ya maboga au kabichi. Robo iwe ndizi, ugali au wali. Robo iwe maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi. Anza kula upande wa mboga. Na kwa upande wa mtori, nina neno. Mtori ni chakula kizuri, nami nimeupenda tangu utotoni, lakini unamezwa upesi. Bakuli la pili hufika kabla tumbo halijapata habari za la kwanza. Mtu anayehifadhi uzito akinywa mtori, na anywe bakuli moja dogo, halafu atafune mboga. Mbege vilevile, maana imetokana na ndizi na ulezi, kwa hiyo ni chakula kinachonywewa, tena kina kileo.

Wanaume wenzangu nao wana kazi hapa. Baba akidai sahani ya mlima huku mke wake akijitahidi, anamrudisha nyuma. Na mara nyingi baba naye ana kitambi.

KAMBA NA MIZANI

Huko Marekani, tangu mwaka 1994, wanaweka orodha ya watu waliopunguza zaidi ya kilo 13 na kukaa nazo nje ya mwili kwa mwaka mmoja au zaidi. Wametazama wanafanya nini. Robo tatu yao hujipima uzito angalau mara moja kwa wiki. Wengi wao hutembea au kufanya mazoezi kama saa moja kwa siku. Na wengi hula kwa namna ile ile siku za kazi na siku za mapumziko. Marekani siyo Kibosho, lakini mambo hayo matatu hayahitaji fedha nyingi.

Kama una mizani nyumbani, jipime siku moja ya wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, baada ya kwenda haja, ukiwa na nguo nyepesi. Andika katika daftari. Kama huna mizani, njoo zahanati. Mizani ipo na hailipiwi kuisimamia. Na kama zahanati ni mbali, tumia kamba. Kata kamba ya katani isiyovutika, izungushe kiunoni usawa wa kitovu ukiwa umesimama na kutoa pumzi bila kuvuta tumbo, kisha piga fundo mahali ilipokutana. Hilo ndilo fundo lako la siku ya kumaliza dayati. Kila Jumamosi jaribu. Fundo likianza kukimbia kwa vidole viwili, ghala limeanza kujazwa.

Uwe na mpaka uliojiwekea. Mimi huwaambia wagonjwa wangu kilo mbili na nusu. Uzito ukipanda chini ya hapo, angalia mafuta na sukari tu. Ukifika hapo, rudi katika milo ya ile wiki ya kwanza kwa siku 14, na uje tuonane. Kilo mbili zinaondoka kwa majuma machache. Kumi na mbili zinataka kuanza upya, na moyo wa kuanza upya hauji kila mwaka.

MIGUU

Wapo wasomaji walioshuka kwa miguu kutoka Uru mpaka soko la mjini wakiwa na mkungu kichwani, na kupanda tena na chumvi na sabuni. Hakuna aliyekuwa akiita mazoezi. Leo bodaboda inamfikisha mtu mpaka mlangoni. Silaumu bodaboda, imeokoa akina mama wengi wenye uchungu usiku. Lakini miguu imestaafu kabla ya mwenyewe.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kijijini, wanaume wapatao 79 katika 100 walifanya kazi nzito. Baada ya mwaka mmoja wa mjini walibaki kama 26, na uzito ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wanaume na kwa wanawake. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Waliacha jembe tu.

Kutembea peke yake hakupunguzi kilo nyingi, lakini katika kuzizuia zisirudi kunasaidia sana. Shuka bodaboda kituo kimoja kabla, upande kilima kilichobaki. Kata majani ya ng'ombe mwenyewe. Palilia kihamba. Mwenye duka anayekaa siku nzima atembee nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Mwenye maumivu ya magoti aanze na tambarare.

WATU WANASEMAJE

Nimeona watu wakirudisha kilo siyo kwa njaa bali kwa maneno. Mtu akipungua, jirani huuliza, "Umekonda hivyo, una nini?" Tangu miaka ya 1980 ugonjwa wa ukimwi ulipoingia, kukonda kumekuwa na tafsiri moja mitaani. Mama mkwe anaona mkwewe amepungua, anadhani mwanawe hamlishi mkewe. Mila yetu ya kumlisha mzazi miezi mitatu kwa mtori na maziwa mpaka anawiri imetufundisha kwamba unene ni upendo unaoonekana. Ni mila nzuri kwa mzazi. Lakini hoja yake haiwezi kumhusu mtu wa miaka 50 mwenye kisukari.

Jibu fupi linatosha: "Nilipima sukari, mganga akaniambia nipungue, namshukuru Mungu nimepungua." Sema bila kuinamisha kichwa. Wengi wakisikia hivyo huuliza namna ya kupima wao wenyewe. Lakini anayekonda bila kujinyima, anayekohoa wiki mbili, anayetoka jasho usiku, au anayekojoa na kunywa maji sana, huyo asisubiri pongezi wala masengenyo. Aje apimwe.

Kisha kuna Desemba. Ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, kila nyumba ina mbuzi wake, na kukataa chakula kwa shangazi ni kama kumkataa shangazi. Sikushauri ukatae. Jipime kabla wageni hawajafika. Chagua mlo mmoja wa siku utakaokuwa wa sikukuu. Mingine iwe ya kawaida, mboga na maharage. Kwa shangazi pokea sahani kwa mikono miwili, kula kidogo, kula polepole, sifu mapishi, na kata ya mbege ikikufikia, onja na uipitishe kwa mwenzako. Hakuna atakayekudai sale la kuomba radhi. Tembea kwa miguu kutoka nyumba hii hadi ile. Wiki ya kwanza ya Januari, pima tena, hata kama unajua jibu litakuwa baya.

Wanaofunga Kwaresima au Ramadhani wataona jambo lile lile siku ya Pasaka na ya Idi, kwa hiyo sitalirudia.

NIKIRUDISHA KILO ZANGU JE?

Njoo zahanati. Mimi ni kijana, wengi wenu mwaweza kunizaa, na sitamgombeza mzazi kwa sababu ya mizani. Aliyepungua kilo 13 akarudisha 5 bado ana faida ya kilo 8, na faida hiyo inaonekana katika damu na katika magoti. Hata aliyerudisha zote anahitaji kupimwa sukari, presha na miguu, na dawa zake kuangaliwa upya. Kwa mwenye kisukari, kadi ya kliniki ina kazi zaidi mwezi ule uzito unapopanda kuliko ule unaposhuka. Njoo nayo, na uvue viatu tukuangalie nyayo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, nyumbani kwako vijiko vingapi vya mafuta huingia katika chungu cha jioni, na nani anajua? Pimeni wiki hii, kila mmoja alete jibu.

Kikundi kikate kamba na kila mwanachama apige fundo lake. Nani atakuwa mtunza daftari?

Mwenzenu aliyepungua amerudisha kilo sita na ameacha kuja kikundini. Nani ataenda kumwona, na atamwambia nini akifika?